Udongo wa Jumamosi

6 Februari

Wewe Cheche,

Nani amekufundisha kumtungia bibi yako mtihani? Maswali kumi na manne, mistari ya kujibia, na visanduku vya kuweka alama ya vema, utadhani mimi ndiye niliyekuwa nakojoa kitandani na wewe ndiye uliyefua mashuka. Nilimwonyesha babu yako karatasi hiyo akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, na kikohozi hicho kilimlaza mpaka saa kumi. Siku nyingine ukitaka kujua mambo ya jikoni kwangu, uliza kama mtu anayeuliza mtu.

Haya, salamu sasa. Shikamoo yako imefika, marahaba. Sisi tupo. Mjomba wako dereva alipita na lori lake wiki iliyopita, akala, akalala, akaondoka bila kukunja blanketi, kwa hiyo ni mzima. Jirani wa mlango wa bluu amepata meno mapya, sasa anacheka hata kwenye mambo yasiyochekesha. Usiniulize tena kwa nini sitaki kuzungumza kwenye simu ya mjomba wako. Masikio yangu hayasikii kitu kile, na babu yako hana pumzi ya kuipigia kelele. Andika. Kalamu nilikununulia mimi tangu mama yako alipotangulia.

Nimeyajibu maswali yako hapa, sikugusa visanduku.

Napika mara ngapi kwa siku? Mara ambazo watu wanakula. Sufuria kubwa kuliko zote ina upana gani? Shibiri mbili na vidole vitatu, ni ile unayoijua, ya maharage, na siiachi. Kuni naweka wapi? Ukutani nje, mvua ikinyesha zinalowa, jua likiwaka zinakauka, kama sisi wote. Paa ni la nini? Bati, ulilipanda mwenyewe ukavunjika mkono.

Swali la tisa ndilo nimeliona lina akili. Nani hukaa jikoni wakati wa kupika? Babu yako. Unajua alivyo. Tangu alipoacha useremala hana pengine pa kukaa. Asubuhi akiamka miguu yake ni baridi kama ya maiti, basi huja, huketi karibu na moto, hunisimulia habari ambazo nazijua kuliko yeye. Miaka arobaini amemeza unga wa mbao, sasa anamalizia na moshi wangu. Daktari wa zahanati alimwambia, "Mzee, moshi utoke jikoni, au wewe utoke." Babu yako akamuuliza, "Nitoke niende wapi?" Daktari akaandika dawa, nikaibeba, tukarudi wote wawili jikoni.

Usiku kifua chake kinapiga filimbi. Naamka, nakaa, nasikiliza. Siwezi kufanya lolote ila kumgeuza upande.

Kwa hiyo hilo jiko la karakana yenu unaloringa nalo, lisilo na moshi, chagua, ulete. Lakini usinichagulie kidude cha kuchemshia yai.

Bibi yako.

25 Februari

Bibi mpenzi, mke mwenzangu,

Shikamoo. Shikamoo na kwa mume wetu. Mwambie kicheko kile kilikuwa changu, nakuja kukilipia. Mimi mzima. Mkono uliovunjika unauma siku za mvua tu. Hapa karakana tumepata kazi ya kutengeneza majiko makubwa ya shule, tunachomelea chuma tangu asubuhi mpaka macho yanaona nyota. Lile jina la Cheche ulilonipa siku hizi wananiita hata wao, sijui nani aliwaambia.

Maswali hayakuwa mtihani, Bibi. Fundi Mkuu wetu ana msemo wake: jiko halichaguliwi dukani, linachaguliwa jikoni kwa mwenyewe. Yapo ya aina mbili ambayo yangekufaa. La kwanza ni la chuma, dogo, unalibeba kwa mkono, linawaka kwa vijiti vichache. Ni zuri, lakini likizimwa limepoa hapo hapo, na sufuria yako ya maharage ingelikalia kama tembo juu ya kigoda. La pili ni la matofali, linajengwa, halihami. Lina chumba cha moto ndani, na bomba la kupeleka moshi juu ya paa. Mwili wake unakaa na joto muda mrefu baada ya moto kuzimika. Nimefikiria miguu ya Babu, nimechagua hilo.

Jambo moja nakuambia ili usije ukashangaa. Mdomo wa kukalia sufuria, kwa vipimo vya hapa, ni mdogo kuliko sufuria yako. Nimeupanua. Fundi Mkuu hakupenda, alisema mdomo ukiwa mpana moshi hupata njia ya kurudi. Nikamwambia, "Fundi, wewe humjui bibi yangu. Ile sufuria isipokaa juu yake, jiko atalipandia maua." Akaniacha.

Nakuja tarehe 14 Machi na lori la mjomba. Nimepewa siku mbili tu. Nawaomba kitu kimoja kabla sijafika: pasueni kuni sasa hivi, nyembamba, unene wa kifundo cha mkono wa mtoto, na mziingize ndani zikauke. Kuni mbichi ni maji. Ukizichoma unachemsha maji yake kwanza, na mvuke wake ndio huo moshi.

Mjukuu wako, Cheche.

19 Aprili

Cheche,

Uliondoka bila kumaliza chai. Kikombe kilikaa mezani mpaka jioni, babu yako akakataa kisioshwe. Nilikiosha.

Salamu zote. Mjomba wako amegombana na turubai la lori lake, upepo umelichana. Jirani wa mlango wa bluu amekuja kuliangalia jiko mara nne. Mara ya kwanza alisema litaanguka. Mara ya nne alikuja na kipimo cha kamba. Nikamwambia, hata ukinipima mimi kiunoni jiko hili hulipati, mjukuu wangu amelijenga kwa kipimo cha hapa hapa.

Sasa nitasema neno moja zuri, ulikate uliweke, maana silirudii. Siku ile ya kwanza baada ya wewe kuondoka niliwasha moto nikasimama mlangoni kama mjinga, nikingoja macho yaanze kuwasha. Hayakuwasha. Nikaingia. Nikaona ukuta wa upande wa pili. Miaka yote hii nilikuwa sijui kwamba ukuta ule una ufa. Babu yako akakaa, akavuta pumzi, akasema, "Amekuja mke wa tatu. Hasemi, hanuni, na ana joto." Nikamwambia asogee asije akamchoma. Usiku ule filimbi haikupiga. Nililala mpaka jogoo wa jirani akaniamsha, nikaona haya.

Haya, lakini yapo mawili.

Moja ni sura. Umelijenga vizuri, umeliacha uchi. Matofali yanachungulia, udongo una alama za vidole vyako. Mwanamke anajulikana kwa jiko lake. Mimi jiko langu nimelisiriba kila Jumamosi tangu nilipoolewa, udongo mwekundu uliochungwa na majivu kidogo, mpaka linang'aa kama sahani. Hili nalo nimeshalipaka mikono mitatu. Ungeliona usingelijua.

La pili ni lile tundu lako la chini, hapo mbele ya chumba cha moto. Linamwaga majivu kwenye miguu ya mzee. Na moto ukizimika, upepo unashuka kwenye bomba unatokea pale pale, unampiga kwenye vifundo. Amevaa soksi mbili na bado anaikunja miguu. Umemletea joto mgongoni na baridi miguuni. Hilo nalo nitaliangalia mwenyewe.

Bibi yako.

8 Mei

Bibi, shikamoo,

Barua yako nimeisoma kwa sauti karakana nzima, nikaruka pale ulipomtukana jirani. Nilipofika kwenye ufa wa ukuta, Fundi Mkuu alivua miwani akaifuta, na haikuwa chafu. Mimi mzima. Tumepewa majiko mengine mia ya shule, likizo zote zimefutwa mpaka mwaka uishe.

Mume wetu asalimiwe sana. Mwambie mke wa tatu anatunzwa hivi: majivu yatolewe kila asubuhi kabla ya kuwasha. Bomba lisuguliwe kila mwezi, funga kitambaa kigumu kwenye fito, pandisha, shusha, masizi yaanguke. Kuni ziwe kavu, mbili tatu tu kwa wakati, usilijaze kama gunia. Ukiona ufa kwenye chumba cha moto, niandikie.

Na lile tundu la chini, Bibi, nakuomba usiliguse. Najua linakera. Jiko linapumulia pale. Hewa inaingia chini, inapita chini ya kuni, inachoma moshi wenyewe kabla haujafika juu. Kwa upepo wa usiku, weka kibati mbele yake ukimaliza kupika, asubuhi ukiondoe. Kwa miguu ya Babu, mgeuzie kiti akae ubavuni.

Mjukuu wako, Cheche.

2 Julai

Cheche,

Barua yako ilikaa posta wiki tatu kwa sababu mjomba wako alisahau kuichukua, akaja na mkono mtupu akasema, "Mama, hakuna kitu." Kitu kilikuwepo. Nimemwambia nitamwandikia mkewe.

Shikamoo yako marahaba. Baridi imeingia. Jirani wa mlango wa bluu ameanguka kwenye ngazi, amevunja meno yale mapya, yeye mwenyewe hana alama. Babu yako anakusalimu.

Sikutaka kuandika hili lakini nitaandika. Jiko lako limechoka. Lilianza kidogo kidogo, mwishoni mwa Mei. Moshi mwembamba juu ya sufuria, kama wa sigara. Nikasema ni kuni. Nikakausha kuni juu ya bati, nikazileta ndani, nikazipanga kama mbao za babu yako dukani. Moshi ukazidi. Nikasugua bomba, nikashusha masizi ndoo nzima, nikawa mweusi mpaka jirani akapiga kelele aliponiona. Moshi ukazidi. Nimetoa majivu kila siku kama ulivyosema. Sasa moto wenyewe hautaki kuwaka. Napuliza mpaka kichwa kinazunguka. Kuni zinalala, zinafuka, na jiko zima linatoa jasho jeusi kwenye mdomo wa sufuria.

Umeniandikia habari ya tundu. Mimi nimepika tangu kabla mama yako hajazaliwa, na jiko langu halijawahi kukosa kuwaka.

Babu yako hataki kutoka. Nimemwambia nenda chumbani, anasema chumbani hakuna mtu wa kuzungumza naye. Nimemwekea kiti nje juani, jua lenyewe halipo. Anarudi. Anakaa pale pale. Juzi alikohoa akatema kitu akakificha kwenye leso, na leso akaificha mfukoni, na mimi nikajifanya naangalia chumvi. Nimeifua leso mwenyewe. Sitaandika nilichokiona.

Nakuuliza wewe uliyesoma. Jiko likifanya hivi, mtu anafanya nini?

Bibi.

20 Julai

Bibi wangu, shikamoo,

Sina habari za kukupa, samahani. Barua yako niliipata jana, sikulala.

Nimeisoma mara tatu nikitafuta tundu. Umesema umepika tangu kabla mama hajazaliwa, nami nani wa kukuuliza mara ya pili. Nimeamini kwamba liko wazi.

Kuni ni kavu, bomba ni safi, tundu liko wazi. Basi kimebaki kitu kimoja, na hicho ni changu. Ni ule mdomo. Fundi Mkuu aliniambia, mimi nikamjibu kwa mzaha. Nimemharibia Babu kifua kwa sababu nilitaka sufuria ikae vizuri. Nimekwenda kumwambia Fundi Mkuu. Hakunifokea. Bora angefoka. Alisema, "Fundi anayebadilisha kipimo kwa mapenzi ni hatari kuliko asiyejua kupima." Ameniondoa kwenye vyumba vya moto. Sasa nachunga mchanga na kupaka rangi milango ya majiko. Nilimwomba siku mbili nije nilibomoe nilijenge upya. Hakuna. Niliomba siku moja. Nikasema nitakuja hata bila ruhusa, akasema basi nisirudi, na nikirudi kwenu bila kazi, Bibi, utanipokea lakini hutanisamehe.

Nafanyaje? Mikono yangu iko hapa, jiko liko huko. Naota nalipangua tofali moja moja, nikiamka nina mchanga kwenye kucha.

Tafadhali mtoeni Babu jikoni. Kwa nguvu ikibidi, mwite mjomba ambebe. Pika nje hata kwa mawe matatu. Mniambie tu yeye anasemaje. Mwambie ni mimi. Asimlaumu yeyote mwingine.

Cheche.

11 Septemba

Cheche,

Acha kulia. Najua unalia, kwa hiyo acha kwanza, kisha soma.

Salamu fupi. Mjomba wako mzima. Jirani wa mlango wa bluu analeta uji kila asubuhi bila kuombwa, siku hizi hasemi sana. Babu yako yuko chumbani. Alilala zahanati siku tisa, wakamwekea ule mrija wa hewa puani. Tarehe 2 wakamrudisha nyumbani. Mtu akirudishwa nyumbani watu hufurahi, na mimi nilifurahi mpaka nilipomtazama daktari usoni.

Barua yako ilifika akiwa zahanati. Unajua barua zako zote huzisoma yeye, mimi nasikiliza, kwa sababu kuandika naandika, lakini mwandiko wa mtu mwingine nausoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Safari hii pumzi hakuwa nayo. Nikasoma mimi, kidole chini ya neno. Nilipofika pale uliposema ni mdomo, ni wewe, umemharibu, yeye akainua mkono.

Akasema, "Mwambie mtoto."

Nikasema, "Nimwambie nini?"

"Habari ya udongo."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anatusikiliza, nikamtazama akageukia ukutani. Nikamuuliza babu yako, "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nakuona kila Jumamosi."

"Na hukusema?"

"Miguu yangu ilikuwa inapata joto," akasema. Akapumzika kidogo. "Na tangu lini mimi nikakusahihisha jikoni kwako? Ungenuna mwezi mzima."

Ni seremala yule. Amejenga madirisha ya nusu ya mji huu, hewa inavyopita anaijua kuliko wewe na Fundi Mkuu wako. Alikaa pale akivuta moshi siku baada ya siku ili mimi nisinune.

Sasa nakuambia mimi kwa mkono wangu. Tundu halikuwa wazi. Kwanza nililipunguza tu, nusu, kwa ajili ya miguu yake. Jiko likawaka bado, nikasema, unaona, mtoto anatia chumvi. Barua yako ya Mei ilipofika lilikuwa limebaki la kupitisha vidole viwili. Ningeweza kulifungua siku ile. Sikulifungua. Ningekuwa nimefundishwa kupika na mtoto niliyemfundisha kushika kijiko. Nikaendelea kusiriba, kila Jumamosi mkono mmoja, na kila mkono ulipokauka tundu likawa dogo kwa unene wa kisu. Mwisho wa Juni hakukuwa na tundu. Kulikuwa na ukuta laini, mzuri, unang'aa. Nikakuandikia kwamba jiko lako limechoka. Nikasoma na yale ya kuchunga mchanga, na bado nilikaa na barua ile siku kumi na mbili kabla sijashika kalamu.

Nilirudi nyumbani kutoka zahanati kuchukua shuka. Nikashika kisu cha jikoni, hakikuingia, moto ulikuwa umeuchoma udongo ukawa tofali. Nikachukua patasi ya babu yako na nyundo yake. Nilitoa udongo unene wa vidole vinne. Nikawasha kijiti kimoja. Cheche, moto ule ulivuta kwa sauti. Ulinguruma kama mtu aliyetolewa majini. Moshi haukuonekana hata wa kumtoa nzi. Mdomo wako ule ule, mpana vile vile, sufuria imekaa, hakuna kitu kinachorudi. Mdomo haukuwa na kosa. Nilikaa chini pale peke yangu, jiko linawaka vizuri na sikuwa na kitu cha kupika.

Nilimuuliza daktari kama mapafu yanaweza kusuguliwa kama bomba. Sikuuliza kwa utani. Alianza kupanga karatasi zake, akazipanga mara mbili, akasema, "Mama, moshi uliokwishaingia haurudi." Nikamuuliza, kama ungekoma Mei, je? Akasimama akanifungulia mlango. Ni mtoto mwenye adabu.

Juzi mimi na jirani tulimbeba mzee tukamkalisha jikoni. Hewa safi, ukuta unaonekana, joto lipo. Alikaa kidogo tu kisha akaomba arudishwe kitandani, amechoka. Hakukohoa kwa sababu ya moshi. Alikohoa tu. Kumbe kuna kikohozi ambacho hakihitaji tena moshi. Napika, nampelekea, anaonja kijiko kimoja kwa heshima yangu. Nimefanya kila kitu ambacho kingetakiwa kufanywa Mei. Nakifanya kila siku, vizuri sana, na hakisaidii.

Usiniandikie kwamba umenisamehe. Sijaomba, na sitaki kukisoma kwa kidole.

Nisikilize nikutume. Mpelekee Fundi Mkuu barua hii aisome mwenyewe, kuanzia pale niliposema tundu halikuwa wazi. Mwambie bibi yake Cheche amesema kipimo chako hakikuwa na kosa, na akurudishe kwenye vyumba vya moto siku hiyo hiyo. Kisha chukueni bomba fupi la chuma, mlitie kwenye lile tundu la chini, litokeze nje urefu wa kidole, lenye ncha za kukwaruza mkono, ili mwanamke mwenye udongo wake wa Jumamosi akifika pale ashindwe kupaka. Msimwandikie asiguse. Ataligusa. Wapo wengi kama mimi, na majiko yenu mia yanakwenda kwao na kwa wapishi wa shule wanaopenda jiko ling'ae. Anza na lile lililo mbele yako sasa, usingoje likizo, usingoje ruhusa.

Bomba la kwanza likishatiwa, weka chini vyombo, panda gari la asubuhi, uje umwone babu yako.